Siafu Wamehama Bondeni

Ngina aliacha kumsalimia shemeji yake Wanyoike tangu msimu uliopita, ingawa mashamba yao kule Gatuanyaga yalitenganishwa na ua wa minyaa tu. Msimu ule Wanyoike aliona mti wa muhuti umechanua, akawatangazia watu nje ya kanisa kwamba mvua imefika, wapande. Ngina akapanda. Mvua ikanyunyiza, ikaenda zake. Mahindi yalipokauka ndipo alipogundua kwamba shamba la Wanyoike mwenyewe halikuwa limeguswa na jembe. Alipoulizwa, Wanyoike alisema alikuwa mgonjwa. Ngina hakuamini hata neno moja.

Sasa Wanyoike alisimama upande wake wa ua, akasema siafu wanahama bondeni wakiwa wamebeba mayai, na upepo umegeuka, unatoka Ukambani.

"Toa mbuzi kule chini, Mama Emmah. Hii mvua ni kubwa."

Ngina hakuinua kichwa. "Mbuzi ni wangu, mdomo ni wako. Kila mtu achunge chake."

Emmah, bintiye aliyekuwa amefunga chuo Thika, alimsihi wawahamishe tu, haitawapunguzia kitu. Ngina akamwambia atakayegusa hao mbuzi akaishi kwa Wanyoike. Hakumwambia kwamba asubuhi hiyo yeye pia aliwaona siafu wakipita mlangoni mwa jikoni, akawamwagia jivu.

Kesho yake mchana mvua ilishuka kama iliyotumwa. Kijito cha bondeni kilichokuwa mchanga mtupu kikafura. Ngina alipofika chini akikimbia, Wanyoike alikuwa tayari ndani ya maji hadi kiunoni, akikata kamba za mbuzi kwa panga. Aliokoa watatu. Wawili walizama, mmoja akiwa na mimba.

Emmah alimshukuru huku akilia.

"Nani alikuita?" Ngina akauliza.

"Hakuna," Wanyoike akajibu, akasuuza panga, akaenda.

Jumapili, nje ya kanisa, Ngina alimkuta Wanyoike amezungukwa na watu. "Nilimwambia," alikuwa akisema. "Nilimwambia, akanitukana."

Ngina akapita katikati yao. Laiti Wanyoike angekuwa amekosea tena, huenda angemsamehe.

Alipofika nyumbani alikata matawi ya minyaa, akayachomeka kwenye pengo la ua walilokuwa wakipitia watu wa boma zote mbili tangu mumewe akiwa hai. Udongo ulikuwa laini. Emmah alisimama akimtazama, hakumsaidia.