Pesa Zenye Dirisha

Mkasi wa nne, ile alama ya kosa kwenye karatasi ya nesi, ndio uliomnyanyua Mama Kasuku kitini. Mitatu ya kwanza aliimeza kama dawa chungu, maana ilikuwa ya haki: baba yake hakuijua tarehe, hakuijua siku, na kati ya maneno matano aliyoambiwa ayashike kichwani alishika mawili tu. Lakini huu wa nne, hapana.

Nesi aliyekuwa akimpima mzee alikuwa binti mdogo, mpole, mwenye kalamu ya risasi iliyotafunwa mwishoni. Swali lenyewe lilikuwa jepesi.

"Babu, katika pesa zetu, sarafu ndogo kuliko zote ni ipi?"

"Senti moja," mzee akajibu bila kupepesa. "Ina tundu katikati."

Nesi akatabasamu vile mtu anavyomtabasamia mtoto aliyesema ameona simba uvunguni. "Tundu, Babu?"

"Tundu. Ukienda sokoni unazitunga kwenye uzi, unazivaa. Mfuko hutoboka, mjukuu wangu. Shingo haitoboki."

Nesi akacheka kidogo, kisha kalamu ikashuka. Mkasi.

"Samahani, Nesi," Mama Kasuku akasema. "Hapo amepata."

"Amepata vipi, dada? Pesa yenye tundu? Labda anakumbuka pete."

"Zamani ilikuwepo. Anazo nyumbani, kitabu kizima."

Nesi akamtazama mzee, akaitazama karatasi, akashusha sauti. "Mimi pesa ninazozijua ni hizi za mfukoni na zile za kwenye simu. Niletee niione kwa macho yangu, nitaufuta. Lakini iwe kesho kabla ya saa nne, faili halijaenda kwa daktari. Mikasi mitatu, babu ataendelea kubaki na mjukuu wake. Minne, siwezi kuandika kwamba aachiwe mtoto peke yake. Na ile sufuria iliyoungulia jikoni ulinisimulia mwenyewe."

Ni kweli, alisimulia mwenyewe, na tangu asimulie alikuwa akijilaumu. Mama Kasuku alikuwa mpiga pasi kwa dobi. Aliingia kazini jua likichomoza na kutoka likizama, na mumewe kazi yake ilikuwa mbali, akionekana nyumbani mara mbili kwa mwaka. Katika saa hizo zote mtoto wake wa miaka minne, waliyemwita Kasuku kwa vile mdomo wake haukujua kufunga, alikaa na babu yake. Bila babu hakuna pasi, na bila pasi hakuna sufuria ya kuungulia.

Njiani mzee akauliza, "Nimefaulu?"

"Bado kidogo, Baba."

"Yule binti hazijui pesa."

"Hazijui."

"Usimlaumu. Aliyezaliwa mvua imekatika atajuaje mto ulipita wapi?"

Maneno kama hayo ndiyo yaliyomtia Mama Kasuku moyo. Mtu anayesema hivyo, aliwaza, atakuwaje amepotea?

Kwa miaka thelathini na mitatu mzee alikuwa mkata tiketi kwenye treni. Kila sarafu ngeni iliyomwangukia kiganjani aliilipia kwa pesa yake mwenyewe, akaenda nayo nyumbani, akaiweka katika kitabu chenye kurasa za nailoni zilizoshonwa vifuko vidogo vidogo. Chini ya kila kifuko palikuwa na kijikaratasi cha mwandiko wake ulionyooka kama reli: thumuni, stesheni ya tano, mama mwenye jogoo. Senti kumi ya tundu, stesheni ya mwisho, askari aliyelia. Mama Kasuku alijifunza kusoma kwa vijikaratasi hivyo kabla hajajua kuna kitu kinaitwa shule. Na sasa, alipokwenda darasa la jioni kumalizia masomo aliyoyaacha, bado aliandika herufi zake zikiegemea kulia kama za baba yake.

Basi akakitoa kitabu juu ya kabati, akakifuta vumbi, akakifungua ukurasa wa kwanza.

Katika kifuko cha senti moja ya tundu palikuwa na sarafu ya siku hizi. Mpya, inang'aa, isiyo na tundu lolote. Katika kifuko cha pili, vivyo hivyo. Akafunua. Askari aliyelia: sarafu ya juzi. Mama mwenye jogoo: sarafu ya jana. Kurasa tatu nzima vijikaratasi vilikuwa vilevile, na juu yake pesa ambazo yeye mwenyewe huzitoa kila siku kwenye mifuko ya suruali za wateja.

"Baba," akasema polepole, "ziko wapi?"

Mzee akasogea, akagusa vifuko kwa kidole. "Si hizo? Zimo zote."

Hakuwa anatania. Uso wake ulikuwa umetulia kama maji ya mtungini.

"Mama," Kasuku akadakia kutoka mlangoni, "zile zenye dirisha babu ananunulia mkate."

"Zenye dirisha?"

"Unaweka jicho hapa, unachungulia! Babu anampa dada wa duka, dada anatupa mkate. Kila siku. Mimi ndiye ninaubeba."

Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango na nyumba yao. Binti wa duka, anayemwuzia shangazi yake, alipomwona Mama Kasuku anaingia na kile kitabu kwapani, hakuuliza kitu. Aliinama chini ya kaunta, akaibuka na kopo la maziwa, akaliweka mbele yake. Lililia kwa uzito.

"Nilijua ipo siku mwenyewe atakuja," akasema. "Ziko arobaini na moja. Hata moja sijaipoteza."

"Kwa nini hukuniambia, mdogo wangu?"

"Wewe asubuhi unapita mbio, jioni unapita mbio. Nikasema nitakuaibisha." Akakwangua kaunta kwa ukucha. "Siku ya kwanza nilimwambia, Babu, hii siijui, ni ya kuchezea? Dada, midomo ilimtetemeka. Akanijibu, nimeitunza vizuri, kwa nini inakataliwa? Nikaipokea. Nikampa mkate. Akabaki amesimama anasubiri chenji. Nikampa sarafu moja."

"Na shangazi?"

"Mikate nailipia mimi. Shangazi akijua atanikaanga bila mafuta."

Mama Kasuku alitaka kucheka, badala yake macho yakamjaa machozi. Alirudisha zile sarafu mpya kutoka kwenye vifuko, moja baada ya nyingine, akamwambia zilizobaki za mikate atazileta mwisho wa mwezi. Kisha akachukua kopo.

Asubuhi, akiwa njiani kuelekea hospitali, senti moja ya tundu ilikuwa mkononi mwake, imepata joto. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Sarafu ileile iliyothibitisha kwamba baba yake alisema kweli kuhusu jana ndiyo iliyothibitisha kwamba leo imemponyoka. Na aliyejua ya pili ni yeye tu, na binti wa duka, na mtoto wa miaka minne.

Nesi aliipokea kwa vidole viwili, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia. "Makubwa! Kumbe kweli?" Akamwita mwenzake wa chumba cha pili, wakachungulia kwa zamu kama watoto kwenye ufa wa ukuta. "Babu wa watu alikuwa sahihi, mimi nikamfelisha!" Akachukua raba, akaufuta mkasi hadi karatasi ikakwaruzika. "Haya dada. Mitatu. Nenda kazini kwako."

Mama Kasuku alisimama. Mlango ulikuwa hatua nne. Aliifikiria pasi, na jiko, na Kasuku akibeba mkate kifuani huku akivuka barabara, mkono mmoja katika mkono wa babu. Leo amebadilisha sarafu kwa mkate. Kesho atabadilisha nini kwa nini?

"Nesi," akasema. "Rudisha mkasi."

"Wa nini tena? Si umeleta ushahidi?"

"Hapo usiuchore. Hapo alikuwa sahihi, na paandikwe hivyo. Uchore pengine." Akakaa tena, akaeleza yote, kuanzia kifuko cha kwanza hadi kopo la maziwa. Sauti ilimkatika mara moja tu, kwenye neno chenji.

Nesi aliandika kwa muda mrefu. Mwishoni akasema, "Nimeandika asiachwe peke yake na mtoto. Nimeandika pia asiachwe peke yake, basi. Akae na watu. Aulizwe mambo anayoyajua."

Alipita kwanza dukani kumwomba binti awaangalie babu na mtoto, kazini akachelewa, akakatwa nusu siku. Jioni alimkuta baba yake mezani, kopo limemwagwa, kitabu kiko wazi. Binti wa duka alikuwa amefunga mapema, ameketi pembeni, Kasuku mapajani. Mzee alikuwa amefumba macho. Anachukua sarafu, anaipapasa ukingo kwa kidole gumba, anataja: "Thumuni. Stesheni ya tano. Jogoo alimponyoka yule mama, tukamkimbiza mabehewa mawili." Binti anasoma kijikaratasi, anatikisa kichwa kwa mshangao, anaitia kifukoni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Hakufumbua macho. "Umewaambia wa hospitali."

"Nimewaambia, Baba."

Kidole gumba kikasimama.

"Miaka yangu yote kazini," mzee akasema, "abiria walinipa tiketi za uongo, na wengine walikuwa watu ninaowapenda. Niliwashusha. Niliwashusha taratibu, treni imesimama." Akashusha pumzi. "Nawe umenishusha treni imesimama."

Mama Kasuku akaitoa mfukoni senti ya tundu aliyorudi nayo hospitali, akaiweka mezani. Binti wa duka ndiye aliyesema, akitazama meza, "Dada, benchi la dukani huwa tupu asubuhi yote. Wakae pale wote wawili, niwaone. Babu anifundishe hizi. Hata shangazi nimeshamwambia, amefoka, amenyamaza."

"Akinyamaza amekubali?"

"Akikataa hanyamazi."

Kasuku aliinyakua ile senti, akaiweka jichoni, akamchungulia babu yake kupitia kile kitundu.

"Babu, nakuona."

"Angalia sana," mzee akasema, "usichoke kuangalia," akanyoosha kiganja arudishiwe senti yake, aiweke mahali pake.