Bega la Kulia

Fundi alikuwa ameshaunga mkono wa kushoto wa gauni na anageukia wa kulia, pini amezibana midomoni, ndipo gauni lilipomwambia ni la nani.

Akasimamisha cherehani. Akalishika gauni mabegani na kulining'iniza mbele ya dirisha. Bega la kulia lilishuka kidogo, vile vile alivyolikata. Fundi huyu hakuwahi kuyaamini mabega ya mtu. Aliyapima moja moja kwa sababu, kama alivyozoea kuwatania wateja, Mungu hakutumia rula. Na vipimo vya mteja aliyejiita Mama Pacha vilikuja hivyo hivyo, kila bega na kipimo chake. Nani mwingine hupima namna hiyo? Ni mtu mmoja tu, na alimfundisha mwenyewe.

Akatemea pini kiganjani.

Binti yake alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, bado na sare ya shule, simu ya kazi mapajani. Mama alimwita Karani. Mikono ya fundi haibanduki kwenye kitambaa, basi tangu likizo iliyopita Karani ndiye aliyewajibu wateja kwa maandishi: shikamoo, gauni liko tayari, karibu jioni. Wateja walimsifu, mama mtu akavimba kichwa.

"Karani," alisema, sauti ameishusha kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa hadi ukingoni. "Huyu Mama Pacha, mtoto wake tulimpima lini?"

"Alituma vipimo."

"Alivituma yeye, au ulijipima wewe?"

Simu ilitetemeka mapajani mwa msichana, naye akaifunika kwa kiganja kama anayemziba mtu mdomo.

Maneno yalimjaa fundi: nani huyo, tangu lini, una akili wewe, lete hiyo simu. Alijua akiyamwaga tu, mtoto atajifunga kama konokono, na leo hatapata neno lingine kwake. Akayameza. Akaondoka kwenye kiti, akaketi sakafuni kando ya mwanawe, upande wa bega lake lililoshuka.

"Sikugombezi, mama. Hata kama umekosea. Nisimulie tu."

Ilitoka vipande vipande. Mama Pacha alianza kwa salamu. Alisema mabinti zake wana umri na mwili kama wa Karani. Ajipime yeye, itatosha. Kisha akawa anamuuliza habari za shule, kila siku, kwa upole. Ndipo Karani akamwambia lile ambalo nyumbani hakulisema: kwamba darasani wanamwita Mzani, tangu alipovunjika mtulinga, mfupa wa bega la kulia, ukaunga vibaya, na kwamba kuna mmoja huinamisha bega kila akimwona, wenzake wakavunjika mbavu kwa kicheko. Mama Pacha alimpa pole. Akamwambia awatukane wote hapo kwenye simu, mmoja mmoja, atoe dukuduku. Siri yao wawili. Karani aliandika mpaka vidole vikamuuma.

"Sasa anataka nimpelekee gauni mimi. Peke yangu, nyuma ya soko, saa kumi." Alikuwa akiongea na magoti yake. "Nisipokwenda atawatumia darasa zima niliyoyaandika. Na alisema wewe ukijua utanichukia."

Saa ya ukutani ilikuwa imeshapita tisa na nusu.

Mama alinyoosha kiganja akangoja. Simu ilipotua mkononi, ilikuwa na joto na jasho la mtoto. Akampigia Mama Pacha. Ikakatwa. Ujumbe ukaingia: *Niko kikaoni mpenzi. Umeshatoka?* Akapiga tena. Safari hii ilipokelewa. Zikasikika pumzi, kisha kikohozi kizito cha mwanamume.

Walitazamana.

"Nifute?" Karani alinong'ona. "Nifute yote?"

"Usifute hata nukta. Tunaipeleka hivi hivi. Kituo cha polisi kwanza, kisha kwa mwalimu wako."

"Watasoma nilivyowatukana."

"Watasoma."

"Watanicheka tena."

Fundi alitaka kusema hapana. Alitazama gauni, mkono mmoja umeungwa na mwingine bado uko mezani. "Huenda," alisema. "Lakini nitakuwepo. Na mwalimu ataambiwa habari za Mzani leo hii, kwa mdomo wangu."

Alijitanda kanga, akatafuta ufunguo. Mlangoni Karani aliunyooshea mkono mkoba wake wa shule, ule anaouvaa siku zote upande wa kulia, hata akitumwa chumvi, ili bega lisionekane. Kidole kiligusa mkanda. Ndani ya kiganja cha mama, simu ilianza kutetemeka upya, ikaendelea, ikaendelea.

Karani aliuacha mkoba kwenye msumari, akatangulia kutoka nje.