Makopo Mawili ya Unga Mwekundu

Watu husema niliolewa na seremala. Mimi nasema niliolewa na vumbi. Sisemi maranda, yale unayoweza kuyafagia ukayatupa. Nasema unga wa msasa, laini kama poda, unaopenya chini ya mlango, ukatua juu ya maziwa, ukaingia masikioni mwa watu waliolala. Karakana iko uani, hatua kumi kutoka jikoni kwangu. Unga wa mvule unaniwasha shingo na kunitoa machozi. Wa msonobari unanuka dawa ya choo. Wa mninga na wa mkangazi ni mwekundu, na ukikutana na jasho la kwapa la mume wangu hutokea uji ambao sitauelezea, maana nimetoka kula sasa hivi.

Kilichonishinda zaidi ni kamasi zake. Kila asubuhi alipenga kitu kizito cha rangi ya tofali, akakikagua kitambaani, kisha akanitangazia, "Jana ilikuwa mninga, mama watoto!" Nilitamani kutapika. Baadaye damu ikaanza kuonekana humo, kila mara tundu lilelile la kushoto.

Daktari wa zahanati alimtaka aende hospitali kubwa akapimwe pua bila kuchelewa. Baba watoto akajifanya hamnazo. Mtaani wanamwita Fundi Pua, na jina hilo limemvimbisha kichwa. Ufa wa ubao huuziba kwa unga wa mti uleule uliochanganywa na gundi, na unga wenyewe huuweka katika makopo ya maziwa yasiyo na maandishi. Ule wa mninga na ule wa mkangazi, ukiwa mkavu, macho hayautofautishi. Ukipakwa vanishi ndipo kila mmoja hutoa rangi yake. Kwa hiyo yeye hunusa kwanza, ndipo akachota.

"Siku pua hii itakapokosea kopo," aliniapia, "nitakwenda mwenyewe, hutanisukuma."

Nikabaki roho juu, nikiomba pua ya mume wangu ikosee. Dua gani hiyo? Na haikukosea. Kila jioni aliingia ndani hata hajanawa, akanizamishia uso shingoni, akavuta pumzi, akasema, "Unanukia sabuni." Mimi nilimsukuma, kwa sababu aliniachia uchafu mwekundu kwenye kola.

Jumatatu moja uvumilivu ukaniishia. Alikuwa amekwenda kununua mbao, nami nikaingia karakana na ndoo na tambara. Nikashusha makopo, nikayasugua kwa nje gundi, nywele na mende waliokaukia hapo, nikayarudisha kwenye rafu jinsi mkono ulivyoyaokota.

Alhamisi asubuhi alikipaka vanishi kitanda cha mwalimu mmoja, mteja wake, mninga mtupu. Ubavuni, pale alipokuwa ameziba nyufa, yakajitokeza madoa kumi na mawili, kama upele.

"Mbao zilikuwa mbichi," alisema.

"Mbao?"

"Au vanishi. Siku hizi wanachakachua kila kitu."

Nikatazama rafu. Kopo lililokuwa wazi lilikuwa la pili kutoka kushoto, pale ambapo kopo la mninga lilikaa miaka yote. Nikalinusa. Sasa pale lilikuwa la mkangazi, na aliyeliweka ni mimi. Kumbe mtu huyu alikuwa hanusi chochote. Alikuwa anahesabu makopo!

Sikutaka mabishano. Nilichemsha chai ya maziwa, nikamwekea mezani vikopo viwili vidogo. Kimoja kilikuwa na mdalasini wa kusaga, kingine na unga wa mkangazi.

"Mdalasini wa kikopo kimoja umeingia unyevu, siuamini," nikamwambia. "Hebu ninusie. Tutie kipi?"

Alinusa kimoja, akanusa cha pili, akafumba macho kama kawaida yake mbele ya wateja. "Hiki. Kinanukia mpaka mate yananitoka."

Akachota mwenyewe kijiko kizima, akakoroga. Unga ukaelea, ukashikamana na utando wa maziwa, ukafanya donge jekundu lililozunguka polepole. Nilijua ni nini kile. Kilikuwa ndicho nilichokiona kitambaani kila asubuhi. Nilikuwa nimepanga kumzuia kabla hajanywa, lakini mkono ulikataa kuinuka, Mungu anisamehe. Akapuliza, akanywa funda kubwa, akalamba midomo.

"Imekolea," alisema.

Nikakipiga kikombe kikaanguka. "Huo ni mkangazi! Umekunywa mkangazi!"

Hakutema. Alitazama lile tope likitambaa mezani, mabega yakamshuka.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mwaka jana." Aliongea kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Niliogopa, mama watoto. Fundi Pua bila pua ni nani?"

"Mwongo wewe! Kila jioni unaniambia nanukia sabuni."

"Hiyo nakumbuka tu."

Ule unga ulikuwa umemganda kwenye masharubu, umelowa mate. Nikamfuta kwa kiganja. Kinyaa kilikuwa palepale, lakini mkono sikuuondoa.

"Vaa viatu," nikamwambia.