Mwanga Kwenye Gego la Nyuma

…na pengo lenyewe, la jino lililong'olewa kati ya chonge na gego, limebaki upenyo wa uzi tu, lile lililokuwa linameza ncha ya kidole, wacha we, hata yule profesa wake wa zamani aliyekuwa akisema leza ni mbwembwe za wauza mashine, angechungulia hapa angenyamaza, daktari aliwaza, kalamu ya leza ameishikilia juu ya ufizi wa wifi yake, pale kwenye mzizi wa jino la chonge, mkono umetulia tuli, mashine inavuma kidogo, na wifi kalala kitini mdomo wazi, mara ya kwanza tangu aolewe kwao kumwona dada wa mumewe akikaa dakika nzima bila kusema neno, jamani, ukitaka kuyaweza mawifi somea meno, alitaka kucheka akajizuia, mkono usije ukahama… mwanga unaamsha mfupa, mfupa unalegea, jino linatembea, ndivyo anavyowaambia wagonjwa wote na ndivyo inavyokuwa, habahatishi yeye, na wifi alipokuja analia kwamba runinga wamempa kusoma taarifa ya habari na hataki watu wamhesabie vyuma mdomoni, alimjibu bila kupepesa macho, niachie mimi, utakaa mbele ya kamera huna hata waya mmoja, na sasa ukoo mzima umeshasikia, wifi kamtangaza kuliko hizo habari zenyewe, "wifi yangu hana mpinzani," kila kikao, kila simu, mpaka mama mkwe siku hizi anamwita daktari wetu…

"Uu hiia," wifi akaguna, kidole kikienda shavuni, na msaidizi aliyeshika mrija wa kunyonya mate akatafsiri, "Anasema umwekee na kule nyuma, daktari, kwenye gego, kama siku zote," ndiyo, kama siku zote, gego lilimuuma tangu waya zilipoanza kuvuta, na mwanga unatuliza maumivu vilevile, basi akawa anamwongezea na huko, wagonjwa wengine anaishia kwenye chonge lakini huyu ni damu ya mume wake, utamwachaje aumie, nyongeza ya mapenzi tu, mwanga unatuliza maumivu, mwanga unaamsha mfupa, mfupa unalegea, jino lina… hebu ngoja.

Aliinama zaidi, chonge ilikuwa karibu palepale ilipokuwa siku ya kwanza, imesogea kidogo mno, na gego, lile gego ambalo kazi yake yote ni kusimama kama nguzo ya kamba ya kuanikia nguo, mengine yavutwe lenyewe litulie, limekuja mbele, tena limeinama kabisa, pengo lote analojivunia limezibwa kutoka nyuma, Mungu wangu, chonge ndiyo ilitakiwa irudi ipishe meno ya mbele, sasa irudi wapi, nafasi imeshaliwa, na aliyeila ni yeye, kwa huruma yake, aibu ikampanda mpaka masikioni… na nani atajua, wifi anaona pengo limeziba, anafurahi, msaidizi hajui, mume atasema hongera mke wangu, unafungua vyuma, meno ya mbele yamechomoza kama yalivyokuja, unamwambia ndivyo ulivyoumbwa, wifi, na yanakupendeza… aka, kila yeye akifungulia taarifa ya habari atakuwa anaangalia nini, habari au gego? Na kutengeneza anaweza, hilo halina wasiwasi, skrubu ndogo kwenye mfupa, gego livutwe kutoka huko lirudi kwake, halafu chonge ianze safari yake, mwanga uende panapostahili, ameshanyoosha vinywa vibaya kuliko hiki na hiki atakinyoosha, lakini ni miezi, na hiyo miezi wifi atasoma habari na vyuma mdomoni, watu wote wanamwona, kitu kimoja tu alichoomba… meno anayaweza, ni kumwangalia usoni ndiko hajui ataanzaje, na bora wifi alisikie kosa hili kutoka kwake leo, kabla ya kaka yake, kabla ya mama mkwe, kabla ya yeyote.

"Uu hiia," wifi akasisitiza, kidole kikigonga shavu.

"Anasema nyuma, daktari," msaidizi alirudia.

"Nimesikia," alisema, na mashine ilikuwa bado inavuma, kalamu ipo palepale kwenye chonge, mkono umetulia uleule, na moyo, ajabu, nao umetulia. "Nyuma siweki leo, wifi. Nimekosea mimi, tena vibaya, na ratiba niliyokuahidi nimeivunja. Nikimaliza hapa nakukalisha nakuonyesha kwenye kioo, unitukane mpaka uridhike, halafu nakwambia tunavyolirudisha gego mahali pake."

Kidole cha wifi kikabaki shavuni.