Gundi ya Ngozi

Mashine ilisema "jaribu tena" kwa mara ya kumi na moja, kwa ile sauti yake tamu ya kike isiyochoka. Mama Sahani akafuta kidole kwenye sketi, akakibandika upya juu ya kioo kilichokuwa kikiwaka kijani. Alikuwa ameanza na dole gumba la kulia, akaumaliza mkono mzima, na sasa alikuwa amehamia wa kushoto. Nyuma yake foleni ya wafanyakazi ilijaa korido hadi kwenye ngazi.

"Jaribu tena," ikasema mashine.

"Bonyeza kwa nguvu, mama," alisema fundi wa mashine.

"Nikibonyeza zaidi ya hapa nitawavunjia kioo chenu."

Watu wakacheka. Naye akacheka, ingawa jasho lilikuwa likimtiririka mgongoni. Fundi alimshika kidole, akakigeuza upande wa dirisha penye mwanga. Kilikuwa cheupe, laini, kimepasukapasuka pembeni, na pale ambapo watu wengine wana mistari yeye hakuwa na kitu.

"Mama, mistari yako umeipeleka wapi?"

Swali zuri lile, na jibu lake lilikuwa ghorofa ya chini, kwenye chumba kisicho na dirisha, ndani ya beseni la asidi.

Miaka kumi na sita Mama Sahani alikuwa muosha vyombo wa maabara ya taasisi ile. Si sahani za chakula, ingawa mumewe hakuchoka kumtania kwamba anaosha sahani za watu wasiokula. Vilikuwa visahani vya plastiki vya kuoteshea seli za ngozi. Kabla ya kuotesha, watafiti walivipaka gundi, na gundi yenyewe ilitoka ng'ambo imezungushiwa barafu, kichupa kama cha dawa ya macho, ndani yake chembe za unga mweupe ambazo ungeweza kuzipuliza kwa pumzi moja zikaisha. Siku moja Daktari, mtafiti aliyekuwa bosi wake, alimweleza. Ni protini ile ile inayoishikilia ngozi ya mtu isibanduke, ila hii haikutolewa kwa mtu. Vijidudu vilipandikizwa kipande cha vinasaba vya binadamu, vikaitengeneza vyenyewe.

"Kwa hiyo navyo vimeajiriwa," Mama Sahani alisema. "Vina mkataba?"

Daktari alicheka hadi akavua miwani. Mama Sahani mwenyewe alikuwa kibarua tangu siku ya kwanza.

"Bila gundi hii seli hazishiki," Daktari aliendelea. "Zinaelea tu majini. Seli isiyopata pa kushika inakufa."

Visahani vile vilitakiwa vitumike mara moja vitupwe. Lakini fungu la kununulia vipya lilikuwa limeshaliwa na wenye meno, basi Mama Sahani alivilowesha kwenye asidi, akavisugua kwa ncha ya kidole, maana brashi iliviacha na mikwaruzo, mpaka gundi yote itoke. Glavu alipewa jozi moja kwa mwezi. Zikitoboka, alizigeuza ndani nje. Zikitoboka tena, alijikaza kisabuni.

Sasa wizara ilikuwa imegundua kwamba taasisi ina wafanyakazi hewa, watu wenye majina kwenye orodha ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Amri ikashuka. Kila mtu apitishe kidole. Atakayesomwa na mashine, hata kama ni kibarua, atapewa barua ya ajira ya kudumu. Ambaye hajasomwa hadi Ijumaa saa sita mchana ni hewa, anafutwa. Mama Sahani alipolisikia tangazo lile alifurahi kuliko wote. Aliiota ile barua, akaota na mahali atakapoitundika.

"Kaa pembeni, mama, wengine wapite," alisema fundi.

Aliyefuata alikuwa mwanamke wa miwani ya jua, aliyenukia vizuri, kucha ndefu zimepakwa rangi. Mama Sahani aliyejua kila uso wa jengo lile hakuwahi kumwona. Mwanamke aligusa kioo kama anayeonja supu ya moto.

"Asante," ikasema mashine.

"Kitengo?" fundi akauliza.

Mwanamke akafungua mkoba, akasoma kwenye kikaratasi. "Maabara ya seli." Kisha akamgeukia Mama Sahani kwa adabu kabisa. "Samahani, dada, njia ya kutokea ni ipi?"

Mama Sahani akamwonyesha.

Jioni ile mumewe, fundi viatu, alimkalisha kwenye kigoda chake cha kazi, akampaka mafuta kidole kimoja kimoja, akavifunga vitambaa. "Ningekuwa na ngozi ya ndama ningekushonea vipya," alisema. "Mistari ningekuchorea kwa kisu." Mke hakucheka, na mume alipoona hivyo akaacha utani.

"Fundi wa mashine anasema nisipogusa asidi siku kumi huenda mistari ikarudi," alisema mke.

"Basi usiguse."

"Nisipoosha, nimekacha kazi. Nikiosha, sipo kazini. We niambie nishike lipi."

Mume alikaza fundo la kitambaa kwa meno.

Siku ya pili yake alikwenda kwa Daktari.

"Niandikie barua," alimwomba. "Sema nipo. Sema asidi imenila vidole, na wanipe siku kumi nisioshe."

Daktari aliinuka, akafunga mlango.

"Nikiandika asidi, mama yangu, wataniuliza ya nini. Nikisema ya kuoshea visahani, wataniuliza tangu lini vinaoshwa. Tumechapisha matokeo. Tumeandika kwamba kila kisahani kilikuwa kipya."

"Mimi sisemi habari za matokeo. Nasema habari za vidole."

"Najua. Najua kabisa."

"Basi nipake hiyo gundi yako. Si inashikisha ngozi?"

Alikuwa akitania, au nusu yake alikuwa akitania. Daktari alifungua friji, akatoa kichupa, akamsomea maandishi yake polepole kama anayemsomea mtoto: kwa utafiti wa maabara tu, si kwa matumizi ya binadamu. Akakirudisha. Kisha akaketi, akaandika barua fupi yenye mhuri, kwamba mhusika ana hitilafu ya kimaumbile kwenye ngozi ya vidole.

"Kwa hiyo nimezaliwa hivi?"

"Ni lugha ya barua tu, mama."

"Na siku kumi?"

"Jumatatu wafadhili wanakuja. Kuna visahani mia mbili. Nani ataviosha?"

Afisa utumishi aliisoma barua ile mara mbili, akaegemea kiti.

"Kumbe ulizaliwa na kasoro hii. Mbona hukuitaja ulipoingia kazini?"

"Sikuzaliwa nayo."

"Bosi wako anasema ulizaliwa nayo. Mmoja wenu ni mwongo. Ni yeye?"

Mama Sahani alilitazama lile jina la Daktari chini ya mhuri, akafikiria visahani, akafikiria barua yake ya ajira, na hasira ikampanda hadi macho yakamwasha. Alitaka kusema ndiyo. Lakini nani angemwamini kibarua mbele ya mhuri?

"Hapana," alisema.

Ijumaa asubuhi alijaribu mara ishirini. Saa sita orodha ikabandikwa. Jina la mwanamke wa miwani lilikuwa katikati ya maabara ya seli, limenyooka, halina doa. Lake lilikuwa ukurasa wa mwisho, chini ya neno HEWA, peke yake. Taasisi nzima, hewa ilikuwa yeye mmoja.

Daktari alimkuta ghorofa ya chini akikusanya vitu vyake. Hakuweza kumtazama usoni. "Mama, kabla hujaondoka, basi umalizie vile vilivyobaki. Tafadhali."

Hata leo mumewe anamuuliza kwa nini aliviosha. Aliviosha. Katika kisahani cha mwisho ngozi ilikuwa imeota yote, utando mwembamba kama ganda la kitunguu, umeshika kwenye plastiki pembe kwa pembe. Alimimina asidi, akausugua kwa kidole hadi ukabanduka, akaumwaga.

Alipofika mlangoni afisa utumishi alikuwa akimngoja na fomu ya kukubali kufutwa kazi.

"Najua kuandika," alisema Mama Sahani, akaomba kalamu.

"Kanuni inataka dole."

"Mtu hewa anatiaje dole?"

Afisa alimshika mkono, akaligandamiza dole gumba kwenye kidau cha wino, kisha kwenye karatasi. Lilipoinuka liliacha duara jeusi tupu, bila mstari hata mmoja. Mama Sahani alilitazama, akamtazama afisa, akasubiri aambiwe ajaribu tena.

"Inatosha," alisema afisa, akakunja fomu.