Usimfokee Dorcas

Verl Sorensen alikuwa na mdomo, jamani. Akiita ng'ombe wake, bonde zima linamsikia. Kwa hiyo siku ile alipofika mlimani na kumkuta ng'ombe wake Dorcas amelala katikati ya maua ya rangi ya zambarau, miguu ikimtetemeka, alivuta pumzi apige ukelele na kumtuma mbwa.

Maren, binti wa jirani na mtafiti wa chuo kikuu kuhusu majani ya sumu malishoni, akamdaka mkono. "Ndugu Verl, nyamaza! Ukimkurupusha, amekufa."

"Sasa nimwangalie tu? Huyu ni ng'ombe wa LaRue!"

Kweli tupu. Marehemu LaRue, mkewe, alimlea Dorcas kwa chupa, na tangu azikwe majira ya baridi, hakuna kingine zizini kilichokuwa chake.

"Sumu ya maua haya imemlegeza misuli," Maren alisema. "Akitulia, itamtoka. Akikimbia, pumzi inakatika. Mfunge mbwa."

Verl akamfunga, huku akimlaani kimoyomoyo binti huyu pamoja na chuo chake. Wakamgeuza Dorcas taratibu, kichwa kielekee juu ya mteremko asivimbe tumbo, kisha wakarudi nyuma wakakaa. Dorcas alijaribu kuinuka, akaanguka puu. Verl akaiuma kofia yake.

"Mmejuaje?" alinong'ona kwa hasira. "Au mnabahatisha na mali za watu?"

"Tuliwalisha ng'ombe wa kwetu chuoni jani hilohilo, miaka na miaka, tukakaa nao hivi hivi. Walioachwa watulie, wengi waliamka. Waliokimbizwa ndio waliotufia."

Kiangazi kilichopita Verl aliwakuta ng'ombe kadhaa wakiyumba kwenye mteremko huu. Aliwaswaga kwa mbwa na matusi mpaka chini, wakafa njiani wote, naye akayalaumu maua.

Jua likasogea. Dorcas akatikisa masikio, akakoroma. Akapiga magoti, akainua makalio, akasimama akipepesuka kama mlevi. Maren alimgeukia mzee, akingoja ule ukelele wake.

Mzee alikuwa analia.

"LaRue aliniambia," alisema, kwa sauti ndogo ambayo Maren hakuwahi kuisikia kwake. "Mwaka jana, hapahapa. Alisema, Verl, waache wapumzike. Nikamfokea mbele ya watu, nikamwambia anyamaze, hajui kitu."

Wakabaki wamekaa mpaka Dorcas alipoondoka mwenyewe, polepole, bila kuitwa na mtu.