Vipimo vya Sindano

Mara ya tatu asubuhi hiyo, tangazo lilichomoza kwenye kompyuta, pembeni mwa mchoro wa gauni: "Vyumba vya biashara vinapangishwa, karibu na ulipo." Mshonaji mdogo, aliyeitwa Sindano kwa wembamba wake, akaliziba kwa kiganja. Upande wa pili wa meza shangazi yake, mwenye duka na mwenye kompyuta, alikuwa akipiga pasi kola.

Wiki tatu sasa Sindano alikuwa akitafuta chumba chake kimyakimya. Shangazi ndiye aliyemlea na kumfundisha cherehani. Hakutaka ajue kabla yeye mwenyewe hajapata maneno ya kumwambia. Alikwisha kufuta historia ya kurasa alizofungua, akatumia dirisha la faragha, na bado matangazo yalimwandama kama inzi na kidonda.

Mchana akamkimbilia fundi simu wa mlango wa pili, Bisibisi.

"Kaka, nimechoka. Hata lugha nimebadilisha leo, nimeweka Kifini. Na vizuizi vya matangazo kumi na viwili juu yake."

Bisibisi alicheka mpaka akaiweka chini simu aliyokuwa akiifungua. "Mteja akija kajifunika gubigubi, utamjua?"

"Nikimpima nitamjua. Bega, kiuno, mkono. Watu hawalingani."

"Na tovuti inakupima vivyo hivyo. Ukubwa wa kioo, saa, aina za herufi, lugha. Inajumlisha, inasema ni yule yule. Sasa mtaa huu nani mwingine ana Kifini na vizuizi kumi na viwili? Umekwenda kujificha sokoni na shela la bibi harusi."

"Kumbe nimejianika mwenyewe."

"Tena juani. Toa madude hayo. Tafuta kivinjari kinachowapa watu wote vipimo vilevile, uvae sare kama wenzio. Na siri zako usizitafute kwenye kompyuta ya shangazi yako."

"Hilo ungeanza nalo," Sindano akanung'unika.

Aliporudi, shangazi alikuwa mbele ya kompyuta, miwani puani.

"Maneno haya ya wapi? Natafuta kola, sisomi hata neno. Picha tu ndiyo naiona. Vyumba, vyumba, vyumba. Juma zima. Nikadhani mwenye nyumba anataka kunitoa, usingizi sipati."

Sindano angeweza kuisingizia mashine. Ulimi ukakataa, alikuwa amechoka kuficha kitu kisichofichika.

"Ni mimi, shangazi. Natafuta pangu pa kushonea."

Shangazi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, taratibu mno.

"Mashine inajua. Mimi ninayekula nawe sahani moja, sijui."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi, ukaenda kumwambia nani? Hata humjui." Akasukuma kiti. "Njoo urudishe lugha yetu kwanza. Halafu unionyeshe chumba chenyewe. Kama ni kile cha kona, kina giza, utaua macho."